Utitiri mwekundu kwenye nyanya na mnavu: dawa inapigwa, utando unazidi

Bustani_Uani (Dodoma)

Wakuu, habari za kazi. Nina bustani ya uani: miche 40 ya nyanya aina ya Tanya iliyoanza kubeba, tuta moja la bilinganya na matuta mawili ya mnavu wa kula nyumbani. Tangu mwisho wa Septemba majani ya chini ya nyanya yamepata vidoa vidogo vyeupe kama yamedungwa sindano. Baadaye yanakuwa manjano, yanageuka rangi ya shaba, kisha yanakauka yakiwa bado kwenye mche. Nikiligeuza jani naona utando mwembamba na vijidudu vyekundu vinatembea. Mnavu nao umeshaanza.

Nyanya zimepigwa lambda-sihalothrini mara mbili, kwa wiki moja kati ya dawa ya kwanza na ya pili, kipimo kama kilivyoandikwa kwenye chupa. Utando umezidi kuliko mwanzo. Maji ni ya kisima, namwagilia kwa ndoo kwenye shina. Mbolea ni samadi, pamoja na urea kifuniko kimoja cha soda kwa kila mche, kila baada ya wiki mbili.

Naomba kujua: huyu ni mdudu gani hasa? Kwa nini dawa haimuui? Na nifanye nini kwenye mnavu ambao watoto wanakula kila siku?

---

Ugani_Kanda_ya_Kati

Mkuu, huo ni utitiri mwekundu. Hata hivyo hakikisha kabla ya kutumia hela, maana kuna matatizo manne ya nyanya yanayofanana nao kwa mbali.

Chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya jani linaloanza kuwa na vidoa (si lile lililokwisha kufa), kisha ligonge jani kwa kidole mara tatu nne. Utitiri utadondoka kama chembe za vumbi, na baada ya sekunde chache chembe zitaanza kutembea. Zipangusie kwenye karatasi kwa kidole: zikiacha mstari mwekundu au wa kijani iliyokolea, umempata. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10 utaona miguu minane kwa waliokomaa, sita kwa waliototolewa karibuni, na mayai ya duara kama shanga. Jike aliyekomaa ana urefu wa nusu milimita hivi, kwa hiyo jicho zuri linamwona hata bila lenzi.

Yanayofanana nao ni haya. Vithiripi (vijidudu vyembamba vinavyofyonza majani) huacha mabaka yenye mng'ao wa fedha pamoja na vitone vyeusi vya kinyesi, wala hawafumi utando. Upungufu wa magnesiamu huyafanya majani ya chini kuwa manjano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, na karatasi yako haitapata kitu. Utitiri wa kutu hauonekani kabisa kwa macho: shina na majani hugeuka rangi ya shaba kuanzia chini kwenda juu, bila utando hata kidogo. Huo usiusahau, kwa sababu salfa inautibu vizuri sana na wengi hupoteza mche wakidhani ni ukame. Utitiri mpana, unaopenda zaidi pilipili, hushambulia vichipukizi vya juu, majani machanga yakajikunja na kuwa magumu. Kwako wewe kuna utando, kuna wadudu wanaotembea, na ugonjwa umeanzia majani ya chini. Jibu liko wazi.

Sasa kwa nini hali imezidi baada ya dawa. Lambda-sihalothrini iko kwenye kundi la pairethroidi pamoja na sipamethrini na deltamethrini. Nyingi za dawa hizi zinamgusa utitiri kidogo tu, lakini zinawaua vibaya sana maadui wake: utitiri mwindaji, kile kibibikobe cheusi kidogo kama kichwa cha pini kinachoitwa Stethorus, na vithiripi walao utitiri. Adui akifa, utitiri uliobaki chini ya majani unazaana bila mtu wa kuuzuia. Imidaklopridi nayo ina tabia hiyo, na imeonekana mara nyingi kwamba majike ya utitiri kwenye mimea iliyotiwa dawa hiyo hutaga mayai mengi zaidi. Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kuacha. Usipige mara ya tatu, wala usiongeze kipimo.

La pili ni hesabu ya uzazi. Kwenye nyuzi joto 30, yai linakuwa utitiri mkubwa unaotaga ndani ya siku 8 hadi 10. Kwenye nyuzi 20 linachukua zaidi ya wiki mbili. Jike mmoja hutaga zaidi ya mayai 100 maishani mwake, na hata asipopandwa hutaga: mayai yasiyorutubishwa hutoa madume, kisha jike huyo huyo anaweza kupandwa na watoto wake. Ndiyo maana mdudu mmoja aliyebebwa na upepo anatosha kuanzisha kizazi. Oktoba ya Dodoma, yenye joto, ukavu na upepo wa vumbi, ndiyo hali anayoitaka.

Vumbi lina kazi yake pia. Linapotanda juu ya majani, wadudu rafiki wanashindwa kutembea na kuwinda, ila utitiri uko chini ya jani kwenye utando wake, hausumbuki. Mwagia maji njia za kati ya matuta na upande wa uani unaotoka upepo. Weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina.

Urea iache kabisa kwa sasa. Nitrojeni nyingi inafanya majani yawe laini yenye utomvu mtamu kwa utitiri, na nyanya iliyoanza kubeba haihitaji kusukumwa majani. Halafu usiache mche ukae na kiu: ulionyauka mchana hupoteza majani haraka zaidi na haustahimili dawa yoyote, hata sabuni.

Kazi ya leo jioni, kabla ya dawa yoyote: kata majani yote ya chini yaliyokwisha kuwa ya shaba, pamoja na yale yanayogusa ardhi. Usiyavute hewani na kuyatikisa. Ingiza tawi kwenye mfuko wa plastiki kwanza, ndipo ukate. Funga mfuko, uache juani siku tatu au nne. Usitupe kwenye shimo la mboji na usirundike kando ya uzio, kwa sababu majani yakikauka utitiri unapanda juu, unatoa uzi na kupeperushwa na upepo kurudi ulikotoka. Usinyang'anye mche zaidi ya theluthi moja ya majani yake kwa mara moja, matunda yataungua na jua. Mche ambao utando umefika mpaka kileleni ung'oe wote. Ufunike mfuko ukiwa bado umesimama, kisha ndiyo ung'oe.

Anza kazi kwenye mimea mizima na umalizie kwenye iliyoshambuliwa, kila siku. Nguo, mikono na kamba za kufungia hubeba utitiri kuliko watu wanavyodhani.

---

Kitalu_Moro

Naongezea upande wa maji, sabuni na mafuta, maana kwa bustani ya miche 40 hivyo vinatosha kabisa ukivifanya kwa utaratibu.

Anza na maji matupu. Asubuhi, saa moja hadi saa tatu, elekeza maji yenye nguvu chini ya majani. Kama una mpira wa bomba, bana mdomo wake kwa kidole gumba na uinue maji kutoka chini kwenda juu, huku mkono wa pili ukilishika tawi lisivunjike. Hutumii dawa, lakini unavunja utando, unaangusha wakubwa wengi na kusafisha vumbi. Fanya mara mbili au tatu kwa wiki. Fanya asubuhi tu, ili majani yakauke mapema, kwani jani linalolala na maji hukaribisha bakajani.

Sabuni: tumia sabuni ya mche ya kawaida isiyo na dawa ya kung'arisha, au sabuni laini ya potashi ukiipata, ambayo ni bora zaidi. Sabuni za unga za kufulia na zile za maji za kuoshea vyombo zina viambato vinavyounguza majani, ziache. Kwaruza gramu 5 kwa kila lita ya maji. Bomba la kupulizia la lita 16 ni gramu 80. Yeyusha kwenye lita moja ya maji ya moto mpaka isibaki hata chembe, ichuje kwa kitambaa, ndipo ujaze. Chembe moja ikiziba nozeli (ncha ya bomba inayorusha dawa) utapoteza jioni nzima. Usizidishe gramu 10 kwa lita.

Jaribu kwanza kwenye majani matatu ya mche mmoja, subiri siku mbili. Kingo zikikauka au zikipata rangi ya kahawia, punguza nusu.

Sabuni inaua kwa kugusa tu, ikiwa majimaji. Ikikauka, kazi imekwisha. Utitiri ambao haukuloa haufi, na mayai hayafi. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, kuloanisha chini ya kila jani hadi matone yaanze kudondoka. Piga saa kumi na moja jioni, sabuni ichelewe kukauka. Fimbo ya bomba igeuze nozeli itazame juu, ianzie chini ya mche na kupanda. Nozeli ya koni ni bora kuliko ile bapa. Miche ya nyanya ya urefu wa mita moja hunywa robo lita hivi kila mmoja, kwa hiyo miche 40 ni lita 10. Ukimaliza bustani nzima kwa lita 4, jua hujafika chini ya majani. Pili, kurudia. Kwa joto la sasa rudia kila baada ya siku 4 au 5, mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza inaua wanaotembea. Ya pili inawakuta waliototolewa. Ya tatu inawakuta waliokuwa wametulia wakijivua ngozi, maana katika hatua hiyo hawali na dawa haiwapati vizuri. Watu wengi hupiga mara moja, wakaona pametulia siku tatu, wakaacha, na siku ya kumi wakasema sabuni haifanyi kazi.

Mafuta ya mwarobaini yana nguvu zaidi ya sabuni peke yake kwa sababu yanaziba matundu ya kupumulia na kufunika mayai. Mililita 5 za mafuta kwa lita, na sabuni ya maji ya potashi mililita 2 kwa lita ili yachanganyike. Bomba la lita 16 ni mafuta mililita 80 na sabuni mililita 32. Usimimine mafuta moja kwa moja kwenye bomba lililojaa. Koroga mafuta na sabuni kwanza, ongeza nusu lita ya maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka iwe kama maziwa, halafu ndiyo ujaze. Tikisa bomba kila baada ya dakika chache. Ukiona mafuta yanaelea juu, acha kupiga: mche wa mwisho utapata mafuta matupu na utaungua. Mchanganyiko wa leo umalize leo, hauwekwi.

Mbegu za mwarobaini, ambazo Dodoma hamkosi, zinasaidia pia: gramu 50 za kiini kilichotwangwa kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo. Ila niseme wazi, maji ya mbegu ni mazuri kwa viwavi na inzi weupe. Kwa utitiri ni dhaifu kuliko mafuta. Yatumie kama huna mafuta, usiyategemee peke yake wakati utando umeshatanda. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa ni dhaifu zaidi ya hapo.

---

Mzee_wa_Matuta

Majivu je? Na maji ya tumbaku? Huku kwetu watu wengi wanamwagia majivu juu ya mboga na wadudu wanakimbia.

---

Kitalu_Moro

Shikamoo mzee. Majivu yanawasaidia dhidi ya baadhi ya wadudu wanaotafuna, kwa utitiri hapana. Yakitua juu ya jani yanakuwa vumbi lingine, na vumbi ndilo tunalohangaika kuliosha. Majivu yenu yatieni kwenye udongo, yana potasiamu.

Tumbaku naomba tuiache kabisa, hasa kwenye familia moja na nyanya. Maji yake yanaweza kubeba kirusi cha batobato kinachoshika tumbaku na nyanya pia, na nikotini ni sumu kali kwa anayepiga, inapita kwenye ngozi. Halafu tumbaku yenyewe ni chakula cha utitiri huu huu.

---

Bustani_Uani (Dodoma)

Marahaba kwa elimu hii. Karatasi nimejaribu, mstari mwekundu umetoka. Majani ya chini yameshakatwa na kufungwa kwenye mifuko.

Maswali mawili yaliyobaki. Maji ya kisima changu sabuni haitoi povu, inaganda kama maziwa yaliyokatika. Na mnavu: nautibu au nauondoa?

---

Ugani_Kanda_ya_Kati

Hayo ni maji magumu, yana chokaa nyingi. Sabuni inashikana na chokaa kabla ya kufika kwa mdudu, kwa hiyo utakuwa unapiga maji yenye mabonge. Kipimo chake ni rahisi: weka maji yako na sabuni kwenye chupa angavu, tikisa, acha dakika 15. Kukiwa na utando mweupe juu au mabonge, hayafai. Kuongeza sabuni zaidi si suluhisho, itaunguza majani.

Wewe unahitaji lita 10 hadi 16 tu kwa kila mzunguko. Tumia maji ya mvua kama yapo kwenye tangi, au nunua jagi moja la maji ya kunywa ya lita 20. Kuchemsha maji ya kisima, kuyaacha yatuame usiku kucha na kumimina ya juu kunasaidia maji mengine, si yote. Rudia kipimo cha chupa baada ya kuchemsha. Usitie magadi ili kulainisha, yanaunguza majani. Yote yakishindikana, nenda kwenye mafuta ya mwarobaini yaliyokwisha kutengenezwa dukani yakiwa na kichanganyishi chake ndani. Hayo hayategemei sabuni yako.

Kuhusu mnavu, mwenzetu wa Kenya anaufahamu utitiri huu vizuri, nadhani atapita hapa.

---

Shamba_Kiambu

Nimepita. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba si utitiri mwekundu wote ni mmoja. Upo ule wa madoa mawili, Tetranychus urticae, unaokula karibu kila kitu, kuanzia maharagwe, matango na mipapai hadi maua. Na upo Tetranychus evansi, uliotoka Amerika Kusini. Zimbabwe ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1970, na Kenya uliripotiwa 2001. Huu wa pili ni mwekundu wa machungwa, na unapenda zaidi jamii ya nyanya: nyanya, bilinganya, viazi mviringo, tumbaku, na mnavu, yaani managu, kuliko vyote. Rangi peke yake haitoshi kuwatenganisha kwa uhakika, lakini kama mnavu na nyanya vinateketea huku maharagwe na mchicha vya jirani viko salama, mshuku evansi.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu kwako? Sababu ya kwanza ni mnavu wenyewe. Kwa evansi, mnavu ni kitalu cha kuzalia. Unaota hata bila kupandwa, kwenye uzio, kando ya choo, penye maji machafu, na huko ndiko utitiri unakaa nyanya zako zikiisha. Ungekuwa bustani yangu ningeng'oa matuta yote mawili wiki hii, kwenye mifuko, pamoja na kila mnavu unaojiotea ndani ya mita 20 au 30. Kwa mboga ya watoto panda mchicha au kunde mahali pale, wiki nne hivi mnakula. Mnavu mpya upandwe mvua zikianza, upande ambao upepo unatoka kwenye mnavu kwenda mbali na nyanya. Kama huwezi kuung'oa wote, basi chuma majani yote yanayolika, osha, kisha kata mashina sentimita 10 kutoka chini, na machipukizi mapya yapige maji na sabuni tu. Osha tena kabla ya kupika. Dawa ya dukani isiguse mnavu: ni jani linaloliwa na linachumwa kila siku chache, hakuna nafasi ya kusubiri.

Sababu ya pili ni wadudu rafiki. Mashamba ya maua ya Naivasha yanatumia utitiri mwindaji Phytoseiulus persimilis dhidi ya ule wa madoa mawili, na unafanya kazi vizuri. Kwa evansi kwenye nyanya mwindaji huyu anashindwa: mawindo hayamfai, utando ni mzito, na vinyweleo vya shina la nyanya vinamnasa. Watafiti walikwenda hadi Brazil, nyumbani kwa evansi, wakapata jamaa yake, Phytoseiulus longipes, anayemla vizuri, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu hapa Nairobi, imemfanyia kazi. Kwa hiyo mtu akikuuzia wadudu wawindaji kwa ajili ya nyanya, muulize ni aina gani kabla hujalipa.

Hii njia ya kumfuata adui alikotoka mdudu si ndoto, imeshatuokoa kwenye mihogo. Utitiri wa kijani wa mihogo uliingia Uganda 1971 na ukasambaa Afrika nzima inayolima mihogo. Utitiri mwindaji Typhlodromalus aripo, nao kutoka Amerika Kusini, ulipoachiwa Benin 1993, ukajikita kwenye ncha za machipukizi ya muhogo na kuushusha bila mkulima kupiga dawa. Nasema hivi ili mjue ni kitu gani tunakiua tunapopiga pairethroidi hovyo.

---

Pembejeo_Arusha

Nimeuza dawa hizi na kuzieleza kwa wateja kila siku, niseme upande wa dukani, kwa ajili ya nyanya na bilinganya tu. Kwa miche 40 ningeanza na maji, mafuta ya mwarobaini na kukata majani. Kama baada ya mizunguko mitatu vichipukizi vya juu bado vinapata vidoa, ndipo dawa.

Chagua dawa ya utitiri hasa, si "ya wadudu wote". Angalia kwenye lebo vitu vinne: jina la kiambato, namba ya kundi lake (dawa za kundi moja huua kwa njia ile ile), zao lililoandikwa, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwa Tanzania lazima kuwe na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka inayosimamia viuatilifu, Kenya ni bodi ya PCPB. Chupa isiyo na lebo iliyosomeka usiipokee hata kwa nusu bei.

Abamektini (kundi la 6) ndiyo ya kawaida na ya bei nafuu. Lebo nyingi za gramu 18 kwa lita huelekeza mililita 10 kwa lita 20 za maji, lakini fuata iliyo mkononi mwako. Inaingia ndani ya jani na kukaa humo, kwa hiyo utitiri unaifyonza hata kama hukuugusa. Iliyobaki juu ya jani inaharibiwa na jua haraka, ndiyo sababu ya kuipiga jioni. Haiui mayai, rudia baada ya siku 7. Ni kali kwa nyuki, na nyanya zako ziko kwenye maua, hivyo piga nyuki wakishalala. Usiipige zaidi ya mara mbili katika msimu mmoja. Utitiri unajenga usugu upesi kuliko karibu mdudu mwingine yeyote, kwa sababu vizazi vyake ni vifupi na madume yana nusu ya vinasaba tu, kwa hiyo sifa ya usugu haina pa kujificha, inajitokeza mara moja.

Baada ya hapo badilisha kundi. Spiromesifeni (kundi la 23) inapiga mayai na watoto na kuwapunguzia majike uzazi. Haiangushi wakubwa papo hapo, mtu asirudi dukani siku ya pili kulalamika, aipe wiki nzima. Bifenazeti (20D) na fenpiroksimeti (21A) ni makundi mengine. Kubadilisha jina la chupa si kubadilisha dawa: chupa tatu za kampuni tatu zote zinaweza kuwa abamektini. Soma namba.

Salfa ya unga wa kuyeyuka, asilimia 80, gramu 40 hadi 60 kwa lita 20, ni ya bei ndogo na inasaidia kuzuia, hasa kwa utitiri wa kutu. Ina masharti mawili. Usiipige joto likizidi nyuzi 32, na usiipige ndani ya wiki mbili kabla au baada ya mafuta yoyote, yakiwemo ya mwarobaini. Vikikutana jani linaungua lote. Kwa kuwa wewe umeshaelekezwa mafuta, salfa iache mzunguko huu. Matango na maboga ya jirani nayo hayaipendi.

Na hili nalisisitiza: dawa ya kuogeshea ng'ombe, amitrazi, isiingie kwenye bomba la mboga. Najua inaua utitiri. Ile ya mifugo haikupimwa kwa chakula, haina siku za kusubiri kwa nyanya, na nyanya inaliwa mbichi kwenye kachumbari.

Vaa glavu, barakoa, buti na shati la mikono mirefu. Suuza bomba mara tatu na maji ya suuzo yamwage kwenye tuta lililopigwa, si kisimani.

---

Bustani_Uani (Dodoma)

Nimeelewa, ahsanteni sana. Mnavu unaondoka kesho asubuhi. La mwisho: nitajuaje kwamba inafanya kazi, maana majani ya katikati bado ni ya manjano?

---

Ugani_Kanda_ya_Kati

Majani ya manjano usiyaangalie, hayatarudi kijani. Utitiri ulishafyonza seli zake, na seli tupu haijazwi tena. Angalia majani matatu ya juu kabisa. Leo funga uzi wa rangi chini ya jani changa la mwisho kwenye miche kumi iliyotawanyika bustanini. Kila jani litakalotoka juu ya uzi ni jipya, halina historia. Baada ya siku kumi majani hayo yakiwa safi, bila vidoa, umeshinda hata kama chini pamechakaa. Vidoa vikionekana juu ya uzi, basi kuna sehemu bomba halifiki, na mara nyingi ni katikati ya mche palipobanana matawi. Punguza machipukizi ya kwapani kidogo hapo, urudie.

Endelea na karatasi nyeupe mara mbili kwa wiki, miche kumi, jani moja la katikati kila mche. Ukiona kwenye karatasi chembe ya rangi ya maziwa au ya machungwa inayong'aa, umbo la tone, inayokimbia haraka kuliko nyingine, usiiponde, huyo ni mwindaji. Mafuta na sabuni yataua baadhi yao pia, lakini hayaachi sumu kwenye jani, kwa hiyo wengine watarudi. Ukianza kuwaona kwenye karatasi tatu au nne kati ya kumi, na majani mapya ni safi, acha kupiga chochote, bakiza maji ya asubuhi.

Nyanya zikiisha kuvunwa usiache mabua yasimame. Ng'oa siku hiyo hiyo, yafukie sentimita 50 au yachome mahali salama, na eneo hilo lisipate nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala mnavu kwa miezi miwili. Panda kunde au mahindi.